Njoo na Gorogoro Yako

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya watunzi wa nyimbo katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Nimeiandika yote, pamoja na utani wake, kwa ajili ya walioshikwa na mvua njiani na wale walioahidi kuja wakalala.

Hamjambo?

Hiyo ni sijambo ya watu waliokunywa chai bila sukari. Hamjambo nyote? Haya, sasa nimewasikia.

Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma kama mnaongoja matatu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya kufaulu kwa mtunzi wa nyimbo. Kijana aliyenipigia simu alisema, "Mama, njoo utueleze ulifaulu vipi." Nikamuuliza, "Nani kakwambia nimefaulu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo utueleze hilo."

Ndilo lililonileta.

Kwa wasionijua, mchana mimi ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi kule Kariobangi. Nauza misumari kwa kilo na nyaya kwa mita. Usiku natunga. Nina umri wa miaka 46, na nimekuwa nikitunga tangu nilipokuwa na miaka 17. Zipo nyimbo zangu mlizozicheza harusini, na nyingine mmezipigia makofi kanisani, lakini sura yangu ndiyo kwanza mnaiona leo.

Nianze na mama yangu. Mama aliuza maharagwe pale Jericho, mbele ya nyumba yetu, juu ya gunia. Mzigo aliununua Nyamakima. Sasa, watu wa Nairobi, gorogoro mnaijua. Ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, tunaopimia mahindi, maharagwe, unga. Na ujanja wake mnaujua pia. Mtu huchukua nyundo, akaugonga mkebe kitako kikaingia ndani. Kwa juu umejaa, umefura, una kilele. Unalipa unashukuru. Ukifika nyumbani ukimimina kwenye sufuria, unaanza kujiuliza ni nani aliyekula maharagwe njiani.

Mama alikuwa akienda Nyamakima na gorogoro yake, ameifunga ndani ya leso. Siku moja nilikuwa naye, nina miaka tisa hivi. Mwenye duka akaiona, akakasirika. "Mama, kwani huniamini?" Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Wewe nakuamini. Mkebe wako ndio siujui."

Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi, nilipokuwa nimekwisha kupimiwa na mikebe ya watu mpaka nikajiona sina kitu.

Ndugu zangu, ni nani anayekupimia? Nauliza tena, ni nani anayekupimia? Unatoa wimbo Ijumaa. Jumatatu shemeji anakuuliza kama umenunua gari. Rafiki anauliza mbona hausikiki redioni. Prodyuza anauliza una watazamaji wangapi YouTube. Mchungaji anauliza kama unamtukuza Mungu au unajitukuza. Kila mmoja amekuja na mkebe wake, na kila mkebe una kitako chake. Wewe unasimama katikati na maharagwe yako unasema, hebu nipimieni.

Hao watazamaji wa YouTube sitawasema sana. Siku hizi wananunuliwa kama wageni wa kukodi kwenye harusi.

Nina rafiki yangu, mtunzi mwenzangu, ambaye hutunga nyimbo za kampeni. Ndiyo, za wanasiasa. Mwaka wa uchaguzi ukifika halali. Atamtungia huyu asubuhi na mpinzani wake jioni, na akiona haraka imezidi hutumia kiitikio kilekile, akabadilisha jina tu. Msicheke. Huyu bwana tangu mwanzo alisema kwa mdomo wake: "Mimi nataka nyimbo zinijengee nyumba." Leo ana ploti Kamulu, ina nyumba ya vyumba vitatu na tangi la maji. Amefaulu? Amefaulu! Alikuja sokoni na gorogoro yake na ikajaa. Sisi wasanii tuna tabia ya kumcheka mtu kama huyo huku tukimkopa nauli.

Yeye namheshimu. Ninayemhurumia ni mtu ambaye hakuwahi kusema anataka nini. Huyo hata akipata, hajui kama amepata. Na huyo mtu, wenzangu, nilikuwa mimi.

Nitawaambia ilivyokuwa. Mwaka 2011 nilitunga wimbo juu ya mwanamke anayemngoja mumewe aliyekwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa. Kiitikio kilikuwa hivi:

Taa ya mlango sijazima,
njoo usiku, njoo salama.

Hesabuni mizani, yaani silabi za kila mstari. Kumi, kumi. Kina, ile silabi ya mwisho, ni "ma". Nililala nacho siku sita nikitafuta ile "salama", kwa sababu "mapema" ilikuwepo na ilikuwa inanidanganya.

Nikaupeleka studio moja pale River Road. Wale wanaojua ngazi za River Road mnajua: ghorofa ya tatu, mlango wa chuma, magodoro ya zamani yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele za makanga. Kulikuwa na kijana mwimbaji, sauti yake tamu kweli. Prodyuza akausikiliza, akasema kiitikio ni moto, lakini ubeti wa pili nitoe. "Redioni hatufiki ubeti wa pili, mama. Kabla hujafika kuna tangazo la dawa ya meno." Ubeti wenyewe ulianza hivi:

Viatu vyako nimepiga rangi,
vinanitazama kama wageni.

Nikakataa. Tukavutana nusu saa. Mwishowe yule kijana akasema anaupenda, akauimba wote. Nikapewa shilingi 15,000 mkononi, nikashuka ngazi nikiimba. Karatasi ya makubaliano? Hakuna. Jina langu? Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema.

Baada ya miezi minane nimo ndani ya matatu namba 58, naelekea Buruburu. Jioni, mvua, msongamano Jogoo Road, madirisha yamefungwa, watu wamechoka. Wimbo ukaingia. Wimbo wangu! Sauti juu, viti vinatetemeka. Na makanga, kijana mwembamba, ananing'inia mlangoni huku mvua inampiga mgongoni, akaanza kuimba na redio. Lakini hakuimba nilichoandika. Aliimba:

Taa ya mlango sijalipa!

Gari zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa sukuma akasema, "Hata mimi tokeni za umeme zimeisha!" Wakaanza wote. Taa ya mlango sijalipa, njoo usiku, njoo salama.

Si-ja-zi-ma. Si-ja-li-pa. Nne kwa nne. Mizani haijatikisika. Kina kimekufa kabisa, na hakuna aliyehudhuria mazishi yake.

Sasa niulizeni nilijisikiaje. Nilitaka kusimama niwaambie, jamani, huu ni wangu, na si "sijalipa", ni "sijazima". Nilitaka pia kulia, kwa sababu siku hiyo mimi mwenyewe sikuwa na tokeni nyumbani. Wimbo wangu unachezwa Nairobi nzima na mwenye wimbo anaoga gizani. Nikateremka Mutindwa, nikatembea kwa mguu, na njia nzima nilikuwa najiuliza: hivi leo nimefaulu au nimeibiwa?

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa na mkebe.

Basi naomba niseme juu ya karatasi, maana kuna watu watakaosema huyu mama anatuhubiria tufurahie umaskini. Hapana. Hapana kabisa. Mtu akikwambia sanaa haihitaji pesa, mwulize yeye analipwa mshahara wa nani.

Nilikwenda kwa wakili mmoja, mteja wetu pale dukani, alikuwa anajenga kwao. Akanieleza mambo ambayo ningeyajua kabla ya kupanda ngazi za River Road yangenisaidia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001. Wimbo wako unalindwa tangu unapouandika au kuurekodi, hungoji muhuri wa mtu, ingawa kuusajili na Bodi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi siku ya mabishano. Haki yako inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Fikirini hilo: wajukuu zako wanaweza kula wimbo ulioutunga ukiwa na njaa. Na kumhamishia mtu haki hiyo lazima kuwe kwa maandishi. Kwa maandishi! Nikamwuliza, "Kwa hiyo mimi sikuuza?" Akasema, "Wewe ulipokea elfu kumi na tano ukanyamaza. Hayo ni mambo mawili tofauti." Akaongeza kwamba haki ya kutajwa kuwa ndiwe mtunzi ni yako hata baada ya kuuza haki nyingine.

Nanyi mnajua yanayotokea karatasi isipokuwepo. Chukueni wimbo wa Malaika. Fadhili William ndiye aliyeurekodi, jina lake likaambatana nao. Wengine wakasema hapana, aliyeutunga ni Adam Salim. Miriam Makeba akauimba, dunia ikaujua. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haukufariki naye. Ukiketi na wazee wanaoupenda muziki wa zamani, tupa hilo swali mezani uone kama chai haitapoa.

Nikamtafuta yule mwimbaji. Nilikwenda na hasira niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Tukakutana hotelini, chai ya maziwa na mandazi mawili. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Auntie, watu wananiuliza ule ubeti wa viatu niliutoa wapi, naona haya." Hasira yote ikaingia kwenye mandazi. Tukaomba karatasi kwa mwenye hoteli, akatupa ile ya kuandikia bili, tukaandika: maneno na sauti ya wimbo ni vyangu, biti, yaani mdundo, ni ya prodyuza, kuimba ni kwa mwimbaji, na mgao wa kila mmoja. Tukatia sahihi zote mbili, na ya mhudumu kama shahidi. Ya prodyuza ilichukua miezi mingine mitatu, na maneno mengine sitayasema ndani ya ukumbi wa heshima. Pesa za nyuma zilikwenda na upepo. Za mbele huja kidogo kidogo; kuna mwaka mrabaha ulinunua gunia la makaa, na kuna mwaka ulinunua kiberiti.

Kwa hiyo karatasi, vijana. Karatasi kabla ya biti. Mtakaa wanne studio, mmoja ametoa mstari, mwingine ametoa kiitikio: andikeni mgao siku hiyohiyo, mkiwa bado mnapendana.

Lakini karatasi hainiambii kama nimefaulu. Inaniambia tu nisiibiwe. Nilikuwa bado natafuta mkebe, na nilipougundua, kumbe nilikuwa nao tangu mwaka 2009.

Mwaka huo tulimzika mwalimu wangu wa kwaya. Alitufundisha kule Makadara, nikiwa msichana. Alikuwa na kijiti cha kupigia meza: kila silabi pigo moja, na ukikosa mizani kijiti kinasimama hewani, kwaya nzima inakutazama. Alikuwa akisema wimbo unaobana pumzi ya mwimbaji umeandikwa na mtu asiyeimba. Redioni hakuwahi kusikika. Kaseti hakuwahi kutoa. Alitunga kwa penseli kwenye madaftari ya wanawe ya hesabu, wakimaliza muhula anachukua kurasa zilizobaki.

Siku ya mazishi, makaburini Lang'ata, kwaya tatu zilikuja na zote tatu ziliimba nyimbo zake bila kushika karatasi. Moja ya hizo kwaya haikujua kwamba ni zake. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akatangaza, "Sasa tutasikia wimbo wa zamani, wimbo wa asili, ambao mtunzi wake hajulikani." Mjane alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshikwa huku na huku. Akainua kichwa. Akasema, na sisi tuliokaribu tulimsikia vizuri, "Asili gani? Aliuandika jikoni kwangu mwaka 1987, akanimalizia mafuta ya taa."

Tulicheka makaburini, Mungu atusamehe.

Nililala nikiliwaza hilo. Mtunzi hajulikani, na amelala hapo kwenye sanduku, futi tatu kutoka kwa kipaza sauti. Je, huyo amefaulu au hakufaulu? Mnasemaje? Naona wengine wanatikisa kichwa, wengine wanainamisha. Ngojeni kwanza niwaulize jingine. Wimbo wetu wa Taifa, aliyeutunga ni nani? Mwaka 1963 iliundwa tume ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hao tunawajua. Sauti yenyewe waliitoa wapi? Kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Yupo mama, kando ya mto, aliyekuwa na mtoto asiyetaka kulala. Akamwimbia. Leo majeshi yanasimama wima kwa sauti ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kulaza.

Mama huyo jina lake silijui. Lakini alichotaka ni mtoto alale, na naamini mtoto alilala.

(Na kwa yule prodyuza wa River Road: Wimbo wa Taifa una beti tatu. Wangapi humu wanajua wa pili? Nyosheni mikono. Sita. Kidogo namwelewa sasa.)

Nisiwadanganye, mimi si mama wa Tana. Mimi nataka jina langu liandikwe. Nataka mwanangu akisikia wimbo kwenye gari aseme ni wa mama, na awe na karatasi ya kuonyesha. Sitaki mshereheshaji aniite wa asili nikiwa bado na joto. Lakini usiku ule, baada ya Lang'ata, nilichukua daftari nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho, kwa penseli, kile ambacho kikitokea mimi nitajua nimefika hata kama hakuna mwingine anayejua. Niliandika: "Mtu nisiyemjua, asiyejua kwamba nipo, auimbe wimbo wangu akifua nguo." Basi. Sikuandika redio. Sikuandika shilingi. Kisha nikalisahau, kama mnavyosahau risiti mfukoni.

Kwa nini kufua? Kwa sababu mtu anayefua hamwimbii mtu. Harusini wanaimba kwa sababu wamelipiwa chakula, kanisani wanatazamwa, kwenye matatu gari limewashika. Anayefua ana mikono ndani ya povu na mawazo yake mwenyewe, na wimbo unaokuja hapo umejileta wenyewe.

Sasa kila mmoja wenu amepewa karatasi pale mlangoni. Wengine mmeshaifanya kipepeo, naona. Nawaomba mwandike yenu kabla hamjaondoka. Mstari mmoja. Mwenye kutaka ploti Kamulu aandike ploti, bila aibu. Mwenye kutaka jukwaa la Kasarani aandike Kasarani. Anayetaka baba yake aliyemkataza muziki akae kiti cha mbele siku moja, aandike hivyohivyo, na najua yumo humu. Usimwonyeshe mtu. Tia tarehe.

Na nimalize langu, kwa sababu muda wangu umekwisha na mama wa chakula ananitazama vibaya.

Mwaka 2014 nilihamia Umoja, nyumba ya ghorofa, mimi niko ya nne. Maji yalikuwa yakija Jumatano na Jumamosi, na siku nyingine unabeba. Jumapili moja asubuhi napanda ngazi na mtungi wa lita 20, nimefika ghorofa ya pili, nikasikia mtu anaimba kwenye baraza la kufulia. Msichana, labda alikuwa wa kazi, sikuwahi kumwona. Ana beseni la nguo za watoto. Nilifikiri masikio yananidanganya, kwa sababu hakuwa anaimba kiitikio. Kiitikio kila mtu alikijua. Alikuwa anaimba ubeti wa pili. Viatu vyako nimepiga rangi, vinanitazama kama wageni. Anaukokota, anausimamisha pale anapokamua nguo, anaendelea.

Nikautua mtungi taratibu usigonge sakafu. Alipofika mstari wa tatu akasahau maneno. Akajaribu, akakosea, akasonya, akaanza tena kuanzia viatu. Nikasubiri pale ngazini. Mara ya pili akaupita. Nikaubeba mtungi wangu, nikapanda.